Maswali na majibu: rangi ya mtumbwi na macho ya anayekutafuta

Mbalamwezi imewaka, mitumbwi ya dagaa imepandishwa nchi kavu, na maswali karibu yote niliyopokea kwa wavuvi wa Ziwa Victoria ni ya rangi ya mitumbwi. Nimeacha yale ya kuchora maua na majina ya watoto ubavuni mwa mtumbwi. Nimechukua yanayogusa uhai.

Shikamoo fundi. Nimemaliza kuunda mtumbwi wa kuvulia sangara. Rangi gani ni bora? (Kayenze)

Marahaba. Swali hili linaletwa kila mwezi, na kila mara muulizaji hasemi anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, wala anavua umbali gani. Semeni hayo kwanza, rangi itafuata.

Kwa mvuvi wa mchana, jibu langu ni chungwa kali au njano kali. Ziwani hakuna kitu cha asili chenye rangi ya chungwa: si maji, si povu, si magugu maji, si mawe. Jicho linalopita juu ya maji linasimama hapohapo. Ndiyo maana masharti ya kimataifa yanataka boti za kuokolea abiria wa meli ziwe na rangi inayoonekana kwa urahisi.

Nyeupe, ambayo wengi mnaipenda, ni nzuri ziwa likiwa limetulia. Upepo ukiamka, mawimbi yanavunjika na kutoa povu kila upande, na mtumbwi mweupe unakuwa povu mojawapo. Bluu na kijivu hupotea hata mchana kweupe. Kijani ni mbaya kuliko zote hapa kwetu, kwa sababu Ghuba ya Mwanza yenyewe mara nyingi ni ya kijani, na magugu maji yanamalizia kazi. Mtumbwi mweusi wa lami ukipita karibu na mawe yetu, anayeangalia kutoka mbali anahesabu jiwe. Tena weusi unavuta joto: mbao za juu ya maji zinakauka, maungio yanaachia, na unashinda unakumba maji.

Si lazima upake mtumbwi mzima chungwa. Paka kingo zote, sehemu ya mbele, sehemu ya nyuma, na mbao za kukalia. Mbao za kukalia msizisahau, maana aliye juu ya meli au kwenye ndege haoni ubavu wako, anaona ndani.

Fundi, mimi ni Yanga damu. Kijani na njano zinafaa? (Nansio)

Njano iwe pana, juu kwenye kingo. Kijani kiwe mstari mwembamba tu.

Wa Simba nao wasikilize kabla hawajacheka. Nyekundu inaonekana vizuri jua likiwaka, lakini mwanga ukianza kufifia jicho la mwanadamu huipoteza mapema. Njano na nyeupe bado zinaonekana wakati nyekundu imeshakuwa nyeusi. Kwetu jua linazama karibu saa moja kasoro, na kigiza cha jioni hakichelewi. Saa hiyo ndiyo mitumbwi inapishana, mingine inatoka na mingine inarudi. Nyekundu mtieni pamoja na nyeupe pana, zisimame bega kwa bega. Rangi mbili zinazopingana huonekana mbali kuliko moja iliyotawanyika.

Kuna rangi inayofukuza kiboko? (Igombe)

Hakuna. Mpishe njia.

Sisi tunavua dagaa usiku, rangi ya nini? Halafu taa tunazo nyingi, nani hatatuona? (Ukara)

Hapa nakaa, kwa sababu swali hili linanitia hofu.

Ni kweli kwamba usiku rangi haisaidii kitu mpaka mwanga wa mtu uiguse. Lakini hizo taa mnazojivunia, ziwe karabai au za sola, ziko wapi? Ziko kwenye maboya, zinaelea mbali na mtumbwi, zinaangalia maji ili dagaa wapande. Mtumbwi wenyewe, wenye watu ndani, uko gizani unazunguka na nyavu. Nahodha wa boti ya abiria anayetoka Mwanza anaona uwanja mzima wa taa. Anajua kuna wavuvi. Hajui mtumbwi uko kati ya taa ipi na ipi. Akikwepa taa, anaweza kukupata wewe.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana majini, za mwaka 1972, hata kama kwetu ni ziwa, mimi nazishika kuwa kipimo. Chombo cha injini chenye urefu usiofika mita 12 kinaweza kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na taa za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia. Mtumbwi wa kasia usioweza kubeba taa zote hizo uwe angalau na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema kabla hamjakaribiana. Mapema, jamani, siyo akishafika.

Kwa hiyo toa taa moja ya sola kati ya hizo za dagaa, ifunge kwenye mti ulio juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama, na uikinge kwa chini isikupige machoni. Tajiri mwenye mtumbwi akisema taa hiyo inapunguza dagaa, mwambie aje alale yeye gizani.

Na msiniambie "meli ina rada". Mbao zinarudisha mawimbi ya rada kidogo sana, na ziwa likichafuka hicho kidogo kinamezwa na mawimbi ya maji. Rangi haibadilishi hilo.

Stika za reflekta za malori zinafaa kwenye mtumbwi? (Sengerema)

Zinafaa sana na bei yake ni ndogo. Bandika pande zote nne, juu ya mstari wa maji, kwenye mbao kavu iliyopigwa msasa. Kumbuka tu kwamba haziwaki zenyewe. Zinasubiri tochi ya mwenzako. Taa bado unaihitaji.

Fundi alitaka kupaka chungwa chini kabisa, kwenye mkuku, ule mti wa chini unaopita katikati. Nimemkatalia, huko nani anaona? (Luchelele)

Umekosea, na mlipe fundi wako amalizie.

Dhoruba zetu nyingi zinakuja usiku na alfajiri, na mtumbwi wa mbao ukipinduka kwa kawaida hauzami. Unaelea, tumbo juu. Watu wanaoshika mkuku wanaonekana vichwa tu, na vichwa kwenye mawimbi havionekani. Asubuhi wenzao wakitoka kutafuta, kitu pekee kikubwa kilicho juu ya maji ni hilo tumbo ambalo wewe unasema haliangaliwi na mtu. Likiwa jeusi la lami, watapita karibu na kwenda zao.

Kwa hiyo paka pale. Ukikosa rangi ya kutosha, piga mstari mpana wa chungwa kufuata mkuku kuanzia mbele hadi nyuma. Na waambie vijana wako tangu wakiwa nchi kavu: mtumbwi ukipinduka, mtu asiuache kuogelea kwenda kwenye kisiwa anachokiona. Kisiwa kiko mbali kuliko kinavyoonekana, na mtumbwi unaonekana kuliko mtu.

Naongeza ambalo hukuuliza. Rangi haimsaidii aliyejaza chombo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 mchana, karibu kabisa na gati la Ukara, watu wakikiona. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Nikiona mtumbwi umepakwa vizuri na maji yanagusa kingo kwa mzigo, sifurahii kazi yangu.

Jaketi okozi za bluu ni rahisi zaidi. Si zinaelea vilevile? (Mwaloni Kirumba)

Zinaelea, na utaelea nazo bila kuonekana. Nunua chungwa au njano, yenye vipande vya reflekta mabegani na filimbi. Ile uliyonayo tayari usiitupe, ishonee kitambaa cha chungwa mabegani na kwenye kola, kwa sababu mtu akielea ndipo panapobaki juu. Na ivaliwe! Kila siku naona jaketi mpya zimefungwa kwenye nailoni chini ya nyavu, zinasubiri mkaguzi.

Duka moja mjini limenishauri rangi ghali ya chini ya meli, inayozuia viumbe kujishika. Ninunue? (Mkolani)

Usinunue. Rangi hizo zina sumu na zimetengenezwa kwa ajili ya bahari, ambako kuna viumbe wa maji chumvi wanaong'ang'ania chombo na kuota magamba. Ziwani hawapo. Utelezi wa kijani unatoka kwa brashi ngumu ukiuvuta mtumbwi mchangani. Sumu hiyo usiilete kwenye maji tunayochota na kunywa. Fedha hiyo nunulia praima nzuri, ile rangi ya kutangulia, na rangi ya mafuta.

Rangi zile zinazowaka kama fulana za wajenzi wa barabara zinadumu? (Bugolora)

Hazidumu. Jua linazila haraka, na ikishapauka inakuwa kama kitambaa kilichofuliwa mno. Zitumie mahali padogo unapoweza kurudia mara kwa mara: ncha ya mbele, ncha ya nyuma, na mlingoti wa taa. Chini yake paka nyeupe kwanza, la sivyo haziwaki. Kwingine kote tumia chungwa ya kawaida ya mafuta, tabaka mbili, na usipake mbao ikiwa bado na unyevu. Namba ya usajili iandikwe mwisho, nyeusi juu ya njano au nyeupe, na mchoraji asiizungushie maua.