Nyoka jike kutaga bila dume: mayai yaliyobaki tumboni ndiyo ya kuangaliwa

Dada yangu, kabla sijajibu swali lako lenyewe, la jinsi nyoka jike anavyoweza kutaga bila dume, naomba nianze na sentensi uliyoiweka mwishoni kama jambo dogo. Umesema nyoka wako wa mahindi (corn snake, nyoka asiye na sumu anayefugwa nyumbani), uliyemnunua akiwa mwembamba kama kalamu na ambaye kwa miaka 4 hajawahi kukutana na dume, ametaga mayai 12 tangu juzi asubuhi, na kwamba karibu na mkia bado panaonekana uvimbe. Uvimbe huo ndio unaonishughulisha. Nyoka wa aina hii akishaanza kutaga humaliza kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Zikipita saa 48 na bado kuna yai tumboni, hilo si la kusubiriwa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia, na umpigie simu kwanza kuuliza kama kweli anawatibu, kwa sababu wengi wamezoea mbwa na paka tu.

Nasema hivyo kwa uchungu wa jambo lililonipata. Ninaishi Louisville, Kentucky, na jike wangu, Tausi, niko naye tangu 2015 akiwa kinda. Mwaka 2021 alitaga mayai 9, kisha akatulia, nami nikafikiri amemaliza. Siku ya tatu nikapapasa tumbo lake nikakuta mawili yamebaki. Daktari wa kwanza aliniambia nimwache, yatatoka yenyewe. Nikamwacha siku nne zaidi. Daktari wa pili alimpiga picha ya eksirei, akanionyesha jinsi yai moja lilivyokwama na kulizuia la nyuma yake, akalinyonya kiini chake kwa sindano kupitia ngozi ili lisinyae, na kesho yake yote mawili yakatoka. Tausi alipona, lakini sitasahau jinsi alivyokuwa amelegea mikononi mwangu. Tafadhali usijaribu kuyakamua mayai hayo kwa vidole wala kulivuta lililochungulia, maana mirija ya ndani huweza kuchanika.

Sasa nije kwenye swali lako. Mumeo anaona duka lilikudanganya, likakuuzia jike aliyekwisha kupandwa, na mama yako kwa simu kutoka Tanga anasema ni uchuro. Mama mweleze kwa mfano wa kuku wa kisasa: zile trei za mayai zinazouzwa madukani hutoka kwenye mabanda yasiyo na jogoo hata mmoja, na hakuna anayeshangaa. Nyoka jike aliyekomaa naye hutengeneza viini vya mayai kutokana na mafuta ya mwili wake, akiongozwa na shibe, joto na urefu wa mchana. Porini, kusini-mashariki mwa Marekani, ambako ndiko kwao, hupandana majira ya baridi yanapokwisha na kutaga kuelekea kiangazi. Ndani ya nyumba zetu mwili wake bado huisikia kalenda hiyo, na dume asipokuwepo, mayai hutoka bila kurutubishwa.

Mayai ya namna hiyo mara nyingi huwa madogo, ya rangi ya manjano, magumu kama nta, na baada ya siku chache hubonyea na kuota ukungu. Yaliyorutubishwa huwa meupe, yamejaa, na ganda lake ni kama ngozi laini. Ukilimulika kwa tochi gizani, lenye uhai huonyesha mishipa myekundu. Shaka ya mumeo ingekuwa na uzito kama ungemnunua akiwa mkubwa, kwa sababu jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi mingi, hata miaka. Wako ulimchukua akiwa kinda, kwa hiyo hilo liondoe.

Lipo jambo moja adimu ambalo ni haki ulijue. Hapa hapa Louisville, kwenye bustani ya wanyama, chatu jike aitwaye Thelma alitaga mayai 61 mwaka 2012 bila dume, na sita yakaanguliwa. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha baadaye kwamba watoto hawakuwa na baba. Kuna hata nyoka mdogo kipofu, mwembamba kama mnyoo, aliyesafiri duniani ndani ya udongo wa vyungu vya maua na kufika hadi pwani yetu, ambaye jamii yake yote ni majike. Kwa hiyo ukiona yai jeupe lililojaa, si vibaya kulihifadhi kwenye kopo lenye vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, kwenye joto la nyuzi 28 hivi, na kusubiri kama miezi miwili. Ila usijenge matumaini makubwa: ya Tausi yote, kwa miaka yote, yalioza.

Mwakani utaziona dalili mapema. Atakataa chakula kwa wiki kadhaa huku tumbo la nyuma likinenepa; mara ya kwanza nilidhani Tausi anaumwa. Kisha atajivua gamba, na baada ya hapo una siku 7 hadi 14 hivi. Mwandalie kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, lijazwe kuvumwani (moss) zenye unyevu, kwa sababu jike asiyepata mahali pa kutagia huweza kuyazuia mayai, na naamini hilo lilichangia kukwama kwa ya Tausi. Vilevile nimepunguza chakula: badala ya panya mmoja kila wiki, sasa nampa kila baada ya wiki mbili, na mara ya mwisho alitaga mayai manne tu.

Hadi umfikishe kwa daktari, mwache na maji safi na giza, usimshikeshike. Daktari akishahakikisha tumbo ni tupu, ondoa mayai, kwa maana nyoka wa mahindi haatamii kama chatu, na umpe panya mdogo kuliko aliowazoea. Tausi hushuka kutoka gramu 600 hadi karibu 450 kila anapotaga, na humchukua miezi miwili kuzirudisha. Ukishamwona daktari, tuandikie alichokuta.