Krimu ya nano: uliza kilichomo

Shikamoo mfamasia. Hapa Kirumba wananiuzia krimu "ya nano" kwa bei mara tatu ya ile niliyoizoea. Nano ndiyo nini?

Marahaba, binti yangu. Ni vitone vya mafuta, mara nyingi vya nanomita 50 hadi 1,000. Unene wa unywele mmoja hufika kama nanomita 80,000. Dawa hufichwa ndani yake. Ngozi yako juu kabisa ina seli zilizokufa, zimelaliana kama magamba ya sangara, na katikati yake kuna mafuta. Kwa hiyo vitone hivi hukaribishwa kama jamaa. Ila kwenye ngozi isiyo na jeraha, kwa kawaida havizami vyenyewe: hubaki juu, hutandaza utando unaozuia maji kupotea, ngozi ikalainika na dawa ikashuka polepole. Muulize muuzaji: ndani mna dawa gani? Akibabaika, rudisha pesa mfukoni.

Krimu yangu ya nano niliisahau kwenye dashibodi ya Hiace toka Magu. Ikayeyuka, jioni ikaganda, sasa ina punje.

Kaka, itupe. Unajua mafuta ya nazi yanavyoganda alfajiri na kuyeyuka mchana? Mafuta yakiganda upya hujipanga kwa kubanana, na dawa husukumwa nje. Vitone vya nano vya mwanzo, vya miaka ya 1990, vilikuwa na tatizo hilo hata vikiwa kabatini. Ndiyo maana baadaye mafuta magumu yalichanganywa na mafuta ya majimaji, yasijipange vizuri hivyo. Na friza nayo si dawa, huviharibu vilevile.

Mkorogo wenye nano una nafuu?

Hauna. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Na steroidi, dawa kali ya ngozi inayotiwa kwenye mkorogo, ikipata chombo kizuri, ndiyo inakufikia vizuri zaidi.

Mwanangu ana ualbino, na hapa Ukerewe hashindi ndani, yuko mwaloni na baba yake. Nimnunulie losheni ya jua ya nano?

Mama, vitone vya mafuta magumu hutawanya miale kiasi na kuishikilia kinga juu ya ngozi, mahali inapotakiwa. Faida ipo. Lakini mtoto hupakwa upya kila saa mbili, na tena akitoka majini. Chupa mbili za kawaida, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, zinamfaa kuliko kichupa cha ghali utakachokipaka kwa uchungu. Kliniki ya ngozi waulizie pia losheni ya jua ya KiliSun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino. Kofia pana na mikono mirefu avae hata kukiwa na mawingu.