Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama uache wodi uingie siasa

Nekesa mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Unaniuliza, "Mama, nikiacha unesi nikagombea kiti cha mbunge mwanamke wa wilaya yetu, si nitakuwa nimewatupa wagonjwa?" Sikujibu hapo hapo juu hilo swali lilininyima usingizi hata mimi, wakati naacha ukunga niwe kansela wa wilaya, yaani diwani, hapa Busia, Uganda.

Mwaka 2001 serikali ilipoondoa malipo kwenye vituo vyake vya afya mimi nilikuwa kazini. Wamama waliokuwa wanazalia nyumbani kwa kukosa hela wakaja, watu wakajaa mpaka veranda, tukafurahi kweli, halafu dawa zikaisha na manesi tulikuwa wale wale wachache. Ndo nikaona, neno moja la wanasiasa limeleta wagonjwa kuliko mimi ningewafikia maisha yangu yote, na dawa zilipokosa sisi wa wodini ndo tulitukanwa.

Lakini kilichonitoa ni yule mama aliyevuja damu baada ya kujifungua. Ambulensi iko pale nje, mafuta hakuna. Tukachanga, tukatafuta bodaboda, akafia njiani. Mpaka leo nakumbuka kitenge chake.

Nikaingia baraza na hasira, mwaka wa kwanza wote nikawa napiga kelele tu kwenye kikao. Siku moja afisa wa fedha akanikalisha akanifungulia bajeti, nikaona pesa nyingi ya wilaya inatoka Kampala na masharti yake, ya mishahara ni ya mishahara, huwezi kuitoa pale ununue mafuta. Inayobaki ni ile wilaya inakusanya yenyewe, ada za soko na leseni, na hiyo kila kansela anaitaka kwa watu wake. Sa nikajifunza makaratasi, nikawa nafika kwenye mikutano ya bajeti mapema kabla mambo hayajafungwa mwezi wa tano, nikaomba mafuta ya ambulensi yapewe fungu lake. Ilichukua miaka miwili. Miwili, Nekesa, na mimi nilizoea kumsugua mtoto mgongo akalia dakika hiyo hiyo.

Hicho ndo utakikosa. Wodini unamshika mtu, unaona homa ikishuka. Kule unashika karatasi na atakayepona humjui, wala yeye hatajua ni wewe. Mimi iliniuma sana, nilikuwa napita karibu na leba nasikia harufu ya jiki nataka kurudi.

Kuwatupa? Hapana. Dr. Specioza Kazibwe alikuwa daktari wa upasuaji, akawa makamu wa rais 1994, Dr. Rugunda naye daktari akawa waziri mkuu 2014, kwa hivyo hiyo njia si wewe unaianza. Ila kujua kutibu peke yake hakujazi stoo ya dawa.

Sheria nayo iangalie vizuri. Kwa ubunge, mfanyakazi wa serikali anajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi wa wagombea, si likizo, ni kuacha kazi, na ukishindwa nafasi yako haikungoji. Fomu ya kugombea ni shilingi milioni 3 za Uganda na hairudi. Halafu wale wale uliowadunga sindano watakuja mlangoni na msiba, na ada za shule, na wana haki ya kuja maana wanakujua. Usiuze shamba la baba yako, na usichukue mkopo wa kampeni, nimeona wenzangu posho yote inaenda kulipa deni mpaka mtu anaogopa kuuliza swali kikaoni asimuudhi aliyemkopesha.

Mimi kwa maoni yangu anza na ukansela wa wilaya, ubunge uje baadaye. Hapo ndo kituo cha afya chenyewe kinajadiliwa kwa jina, nani hayuko kazini, choo gani kimebomoka, na utajua kama moyo wako unaweza kungoja.

Kabla hujaandika barua yoyote nenda ofisi ya wilaya uombe bajeti ya afya ya mwaka huu, uisome yote, uje nayo Jumapili tuipitie. Nitakuwa na samaki wa Majanji.

Mama yako