Maji ndiyo yaliyoniharibia mafuta yangu, na ndiyo yanayoharibu yako

Juzi dada mmoja wa Mafinga ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimetengeneza mafuta ya mgando ya mwarobaini, wiki ya pili tu yameota ukungu. Nimekosea wapi?" Akaweka na picha. Nilipoona vile vidoa vya kijani pembeni mwa kopo nilikaa chini kabisa. Makopo ya namna ile nimewahi kuyaona thelathini na mawili kwa mpigo, na yote yalikuwa ya kwangu.

Marahaba, mdogo wangu. Ngoja nikusimulie.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Bibi yangu alikuna nazi, akakamua tui, akalipika taratibu mpaka mafuta yakajitenga na mashapo yakawa ya kahawia. Humo alitumbukiza majani makavu ya mwarobaini, na wajukuu wote tulipakwa hayo, awe mwenye harara au mwenye upele wa mbu. Nilipoolewa nikaja Njombe, nilikuja na chupa yake. Asubuhi ya kwanza nikaikuta imeganda, haitoki hata tone, maana mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24. Na Njombe mwezi wa saba hata hizo nyuzi 24 ni za kuotea ndoto. Visigino viliota magaga, vidole vikapasuka, mashavu ya mwanangu yakapauka na kuwasha mpaka akawa halali.

Hapo ndipo nilipoanza kupika. Mafuta yakanikubali, majirani wakaomba, nikaona biashara. Mwaka 2018 nikataka kuyafanya yawe bora zaidi: nikakata mshubiri mbichi (aloe vera), nikakamua ute wake, nikausaga, nikauchanganya na mafuta ya moto. Yalitoka meupe, laini, yanapendeza kuliko ya dukani. Nikauza makopo 32 kwa akina mama wa kikoba chetu, shilingi 3,000 kila moja.

Baada ya wiki tatu, katikati ya kikao, mama mmoja alisimama akafungua kopo lake, akalizungusha kwa kila mtu. Akauliza: "Hiki ndicho anachotupaka?" Watu niliokuwa nawapikia kwenye misiba yao walinitazama, hakuna aliyefungua mdomo. Nilirudisha hela yote, shilingi kwa shilingi, na miezi minne sikupika chochote. Nimesamehe, lakini ule ukimya bado nausikia.

Kosa lilikuwa maji. Mafuta na nta peke yake hayana maji, kwa hiyo ukungu hauna pa kuishi. Ute wa mshubiri karibu wote ni maji. Majani mabichi yana maji. Kijiko kilichooshwa hakikukauka, hayo ni maji. Kiwanda kinaweka maji kwenye losheni na kuweka dawa ya kuyahifadhi. Wewe jikoni kwako huna dawa hiyo. Nilijifunza kwa hasara, nawe jifunze bila hasara.

Sasa hivi naanza na majani makavu kabisa. Mwarobaini hauoti kwenye baridi ya huku, hivyo mama yangu ananitumia gunia kwa basi kutoka Pangani, yameanikwa kivulini mpaka ukiyafinya yanavunjika. Nayaloweka kwenye mafuta ya alizeti na ya parachichi, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka kidogo kidogo, kwa muda wa saa tatu. Usifunike bakuli. Nimesema usifunike, kwa sababu mvuke unakusanyika kwenye kifuniko na kudondokea kwenye mafuta, na tumerudi kulekule kwenye maji. Nachuja kwa kitambaa kikavu, kisha naongeza nta ya nyuki.

Nta ndiyo roho ya kazi hii. Yangu inatoka Tabora. Ukipata masega kwa warinaji, yayeyushe kwenye maji, chuja, acha ipoe. Nta itaelea ikiwa kipande kimoja, kwangua uchafu wa chini kisha uikaushe siku mbili nzima. Kwa huku baridini naweka gramu 40 za nta kwa gramu 240 za mafuta. Wateja wa Tanga na Dar es Salaam nawawekea gramu 60 kwa mafuta yaleyale, la sivyo yatawafikia yakiwa uji. Dondosha kidogo kwenye kijiko cha baridi, subiri dakika tano, bonyeza. Ikiwa ngumu ongeza mafuta, ikiwa laini ongeza nta. Na makopo yawe makavu.

Julai hii nimepika makopo 140 na yameisha kabla ya Nanenane. Yule mama alinunua mawili. Nilimpa mkononi, nikamwambia asante.

Lakini ndugu zangu, niseme jambo. Mtu anayekupa ngozi ya mtoto wake uipake amekuamini sana. Jipake kwanza mwenyewe, ndani ya kiwiko, subiri siku nzima. Usimimine mafuta ya karafuu kwa sababu yananukia vizuri, yanaunguza. Usiweke limao, ngozi yenye limao ikipigwa na jua inababuka. Ngozi ikichuruzika maji, ukurutu ukitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, huyo ni wa zahanati, si wa kopo lako. Mafuta ya mwarobaini yasiingie kinywani mwa mtoto mchanga, ni hatari. Na ukianza kuuza, tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nenda kaulize, usijifiche. Anayejificha kuna anachojua kuhusu kopo lake.

Dada wa Mafinga, hilo kopo litupe lote, usikwangue ukungu ukabaki na la chini. Uliniambia majani uliyachuma asubuhi na kuyapika mchana. Yaanike wiki nzima kivulini, kila siku uyageuze, halafu uanze upya na gramu 240 tu za mafuta. Ukimaliza nitumie picha ya kijiko.