Atomu Itakuwa Wapi? Kwa Wanaoanza Kubuni Vifuatilizi vya Vipokezi vya Ubongo

Wanafunzi wanaonijia hapa Kisumu wakitaka kujifunza kubuni vifuatilizi, yaani molekuli zenye atomu nururifu za kupiga picha vipokezi vya ubongo (protini zinazopokea ishara za kemikali), huwa wamekwisha kuchagua molekuli. Wameiona kwenye kompyuta ikikaa barabara ndani ya kipokezi, na sasa wanataka kuelezwa jinsi ya kuitia atomu nururifu. Mimi huwauliza swali moja kwanza: dakika arobaini baada ya sindano, atomu hiyo itakuwa wapi? Skana ya PET, mashine inayopiga picha ya mnururisho kutoka ndani ya mwili, haiioni molekuli. Inachonasa ni miale miwili ya gama inayotoka positroni, chembe itolewayo na atomu nururifu, inapokutana na elektroni, na miale hiyo haisemi kama atomu ingali ndani ya molekuli yako, au imo katika kipande kilichomeguliwa na ini, au imezama katika mafuta ya utando wa seli, mbali na kipokezi chochote.

Anza na saa. Nusu-uhai (muda ambao nusu ya atomu nururifu huoza) ya kaboni-11 ni dakika 20.4, na ya florini-18 ni takriban dakika 110. Matatu ikitoka Nairobi na kufika Nakuru kwa saa tatu, florini-18 iliyobebwa itakuwa imebaki kama theluthi, ilhali kaboni-11 haitafika hata sehemu moja kwa mia nne. Ndiyo maana kaboni-11 hutumiwa karibu na saiklotroni (mashine ya kuharakisha chembe) iliyoitengeneza, na ndiyo maana atomu nururifu huingizwa katika hatua ya mwisho ya usanisi, au karibu na mwisho kadiri inavyowezekana. Ukibuni molekuli nzuri ambayo atomu hiyo lazima iingie katika hatua ya tatu kati ya saba, utakuwa umebuni kitu kisichotengenezeka.

Nikiwa mwanafunzi nilichagua molekuli kwa ukali wa mshiko wake peke yake. Tuliloweka vipande vyembamba vya ubongo wa panya katika mmumunyo wake, vingine tukiviongezea dawa nyingi ya kuziba vipokezi, tukavisuuza kwa bafa (mmumunyo wa pH thabiti) baridi, tukavikausha na kuvilaza juu ya filamu, ambayo huwa nyeusi penye mnururisho. Nilitarajia striatamu, eneo la ndani ya ubongo lenye vipokezi vingi, ionekane kama maharagwe mawili meusi, na serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, ibaki nyeupe. Filamu ilitoka nyeusi kila mahali, hata kwenye maeneo yenye nyuzi za neva tu, na vipande vilivyozibwa havikutofautiana na vile vingine. Molekuli ilipenda mafuta mno: logD yake (kipimo, kwa mizani ya logariti, cha jinsi inavyopenda mafuta kuliko maji) ilizidi 4, hali vifuatilizi vingi vya ubongo vilivyofaulu viko kati ya 1 na 3 hivi. Isipopenda mafuta hata kidogo haipenyi kizuizi kati ya damu na ubongo. Ikiyapenda kupita kiasi hujishikiza kila mahali, na picha haisomeki.

Tangu siku hiyo sipokei pendekezo ambalo logD yake haijapimwa kwa mkono. Vifaa vyake havihitaji fedha nyingi: oktanoli (alkoholi inayosimama badala ya mafuta), bafa ya pH 7.4, faneli ya kutenganishia na subira. Harufu ya oktanoli itang'ang'ania nguo zako, na kwa joto la Kisumu usisahau kuweka mchanganyiko katika maji yaliyodhibitiwa nyuzi 25, la sivyo namba yako haitalinganishika na za wengine.

Kuhusu mshiko wenyewe, gawanya wingi wa vipokezi kwa kipimo cha mshiko (namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkali zaidi), vyote katika nanomola; jibu likiwa chini ya 10, tafuta molekuli nyingine. Kifuatilizi raklopraidi, ambacho mshiko wake ni kama nanomola 1, huonyesha vizuri vipokezi vya dopamini vya D2 katika striatamu, kwa kuwa humo vimejaa, lakini katika gamba la ubongo vipokezi hivyo ni haba na haisaidii. FLB 457, kifuatilizi kingine ambacho mshiko wake ni mkali mara nyingi zaidi, huviona vile vya gambani. Hata hivyo, katika striatamu FLB 457 iliyotiwa kaboni-11 haifikii ulinganifu (hali ambapo zinazoshika vipokezi na zinazoviachia zinalingana) kabla mnururisho haujafifia. Mshiko hupimwa kwa mahali unapotaka kutazama, na kwa muda ulio nao.

Mfano ninaoutegemea zaidi kufundishia ni WAY-100635, inayolenga vipokezi vya serotonini vya 5-HT1A. Mara ya kwanza kaboni-11 iliwekwa kwenye kikundi cha methoksi, kilicho upande mmoja wa molekuli. Mwilini molekuli hukatwa kwenye kifungo cha amaidi (kati ya kaboni na nitrojeni), na kipande kilichobaki na methoksi huingia ubongoni na kushika vipokezi, kwa hiyo picha ilichanganya vitu viwili. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliihamishia kaboni-11 kwenye kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni) ya amaidi hiyo hiyo. Molekuli ni ile ile, na ini hukata pale pale, ila sasa atomu nururifu huondoka na asidi ambayo ubongoni haiingii kwa urahisi. Picha ikatakata. Hawakubadilisha hata atomu moja ya umbo lake. Walibadilisha tu ni kaboni ipi inayong'aa.

Florini-18 nayo ina hila yake: ikibanduka huenda mifupani, na fuvu linalong'aa huchafua picha ya gamba la ubongo lililo chini yake.

Kwa hiyo kabla ya kuja kwangu, chora molekuli yako kwa kalamu kwenye karatasi, na atomu nururifu uitie rangi nyekundu. Kisha chora mstari kwenye kila kifungo ambacho vimeng'enya vya ini vinaweza kukikata, na kando ya kila mstari andika ile nyekundu imebaki upande gani, na kama upande huo unaweza kuingia ubongoni. Leta karatasi hiyo; kompyuta tutaifungua baadaye.