Anza na mawingu, kaka

Kaka, umeuliza upunguze nini ili picha isikwamekwame ukigeuza kichwa ukiwa kwenye mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, umevaa miwani ya VR (inayokufanya ujione umo ndani ya ndege), na bado usome saa na vipimo vya dashibodi. Anza na mawingu, ndiyo yanayoielemea sana kadi ya grafiki (sehemu ya kompyuta inayochora picha), kisha vivuli. Ukali wa picha uache juu kadiri uwezavyo. Ukiushusha, tarakimu za mwinuko zinakuwa ukungu mtupu.

Usikimbizane na fremu 90, yaani picha 90 kwa sekunde. Kwenye miwani ya Hz 90 (inayoonyesha picha 90 kwa sekunde) kompyuta inapata milisekunde 11 tu kwa kila fremu. Ukiifunga kwenye 45, miwani ikajazia fremu za katikati, inapata 22. Kwa ndege ya abiria inatosha kabisa: mimi hutua uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, njia ya 03, maji ya ghuba ya Port Reitz yakipita chini taratibu, na kichefuchefu hakinishiki. Ila ukiruka chinichini na kukata kona kali, kingo za mabawa hutikisika kama zimo majini. Hapo heri fremu halisi, mandhari yapungue.

Na huku kwetu kuna joto la kaskazi. Kadi ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo elekeza feni kwenye kompyuta kabla hujagusa mipangilio yoyote.