Kuran (umeme) ikirudi na podi zako zinakataa kuamka, angalia laivnesi kwanza

Wandugu, hii ilinikosesha usingizi wiki mbili. Tuko na klasta ndogo ya Kubernetes (inaendesha programu juu ya mashini kadhaa pamoja; kila programu inakaa ndani ya kontena, na kontena ndani ya podi) hapa Goma, mashini tatu ndani ya ofisi mtaa wa Himbi, na programu ya stoki imeandikwa kwa Java. Kuran inakatika, betri zinaisha, kila kitu kinazima. Ikirudi, mashini zote zinaamka mara moja zinagombania CPU, na ile programu yenye siku zingine inafunguka kwa sekunde 20 inachukua dakika mbili.

Mi nilikuwa nimeweka laivnesi tu (liveness probe, swali Kubernetes inauliza kila mara kujua kama programu iko hai), namba zake sikugusa: inauliza kila sekunde 10, inangoja jibu sekunde 1, ikikosa mara 3 kontena inauawa. Yaani programu inapata kama nusu dakika, inauawa kabla haijamaliza kuamka, inaanza tena, inauawa tena, na kila mara Kubernetes inangoja zaidi kabla ya kujaribu, sekunde 10, 20, 40, mpaka dakika 5. Wauzaji wa Birere wananipigia toka asubuhi, naangalia logi sioni kosa, juu programu haikuwa na kosa.

Kilichosaidia ni statapu probu (startup probe, swali la kujua kama programu imemaliza kuamka). Ikiwepo, laivnesi na redinesi (readiness probe, swali la kujua kama programu iko tayari kupokea wateja) zinangoja mpaka yenyewe ipite. Nimeweka periodSeconds (sekunde kati ya swali na swali) 10 na failureThreshold (mara inaruhusiwa kukosa) 30, ni dakika 5 za kuamka, na siku mashini ziko nyepesi ikipita tu kazi inaendelea. initialDelaySeconds (sekunde za kungoja kabla ya swali la kwanza) kubwa sikushauri, hiyo inakungojesha hata siku nzuri.

Lakini yenye iliniuma zaidi ni hii: laivnesi yangu ilikuwa inauliza databezi pia. Databezi ikichelewa, podi zote zinauawa pamoja, zikirudi zote zinafungua koneksheni mpya kwa ile databezi yenye tayari imelemewa. Tafadhali, laivnesi iulize programu yenyewe tu, uko mzima? basi. Redinesi ni tofauti, haiui, inatoa podi kwenye Service (mlango wenye unapeleka wateja kwa podi) mpaka iwe tayari, ila hata hapo uwe mwangalifu, podi zote zikitegemea databezi moja zitatoka zote na mteja hataona hata ukurasa wa kumwambia asubiri kidogo.

Na kama uliandika HEALTHCHECK (swali kama hilo, la Docker) ndani ya Dockerfile, faili ya kutengeneza kontena, usiitegemee: Kubernetes haiisomi.

Ukiwa na shaka, piga amri kubectl describe pod, soma matukio ya chini, kama laivnesi njo inaua itaandikwa pale. Halafu jioni moja watu wakiwa wameenda, zima mashini zote, washa zote pamoja, hesabu sekunde mpaka programu ijibu, na hiyo namba uizidishe mara mbili kwa statapu.